Ushauri: RTX 3060 ya GB 12, RTX 4060, RX 7600 au Arc B580 kwa kurenda ramani za nyumba? Bajeti 1.1M, niko Dodoma

Mchora Ramani wa Ipagala

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Dodoma, Ipagala. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba na kuzitengenezea picha za 3D. Tangu serikali ihamie huku na watu waanze kununua viwanja Nala, Ihumwa na kwingineko, kazi ninayo, sikufuru. Shida ni kwamba mteja wa siku hizi haridhiki na karatasi. Anataka aone bati litakavyokaa, gari limepaki, mpapai pembeni ya tangi la maji, halafu video ya kuingia getini mpaka sebuleni. Na anaitaka kesho, maana fundi wa msingi ameshafika saiti na kokoto zimemwagwa.

Mashine yangu ni HP Z440 ya mtumba, Xeon E5-1650 v4, RAM GB 32, pawasaplai ile ile ya wati 700 iliyokuja nayo, Windows 10. Kadi ya picha (graphics card) ni Quadro K2200 ya GB 4, niliikuta humo humo ndani. Nachora kwa ArchiCAD, picha za mwisho narenda kwa Twinmotion na Blender upande wa Cycles, injini yake ya kurenda. Picha moja ya nje yenye majani na miti naiwasha wakati wa kulala, naikuta asubuhi, hapo umeme ukiwa haukukatika. Kwenye Twinmotion nikishapanda miti ya mbele ya nyumba tu, ya nyuma nasamehe.

Bajeti ya kadi peke yake ni milioni moja na laki moja. Nimepiga simu Kariakoo na nimepita maduka ya hapa mjini, majibu ni haya. RTX 4060 mpya ya NVIDIA, GB 8, wanataka 1,080,000. RX 7600 mpya ya AMD, GB 8, 900,000. Arc B580 ya Intel, GB 12, ipo duka moja tu Dar, milioni kamili na hawapunguzi. RTX 3060 ya GB 12, nayo ya NVIDIA, ni za mtumba, kati ya 650,000 na 750,000, inategemea muuzaji amekusoma vipi. Usafiri haunisumbui, nitaletewa na basi au na mtu anayepanda treni ya SGR.

Kila ninapotafuta ulinganisho nakuta watu wanapima gemu. Mimi gemu sichezi, labda solitea. Ninachotaka kujua: kwa kazi hii na mashine hii, ipi? Je, draiva (programu za kuendesha kadi) za AMD na Intel zinasumbua kweli au ni maneno ya kurithishana? Na zile GB 12 za kadi ya 2021 zina maana yoyote mbele ya kadi mpya ya GB 8?

Nawasilisha.

Kijana wa CIVE

Mkuu chukua RX 7600 ulale. Hapa chuo, CIVE ya UDOM, tunazo, 1080p gemu zote unapandisha mpaka juu. Kwa gemu za kawaida inakwenda bega kwa bega na 4060, na hapo kwenye bei zako umeokoa laki na themanini. Hata zilipotoka 2023 ilikuwa hivyo hivyo, 7600 dola 269, 4060 dola 299. Programu yake ya Adrenalin ina kila kitu ndani, kikomo cha umeme, kasi ya feni, kurekodi skrini, huhangaiki na programu tatu tatu. Habari za draiva mbovu za AMD ni stori za kaka zetu. Hiyo chenji nunua SSD.

Fundi Mbukwenyi

Mbukwenyi wote humu.

Kijana wa CIVE amejibu swali la kijana wa CIVE. Mwenzetu kasema hachezi gemu.

Mdogo wangu mchora ramani, nikushukuru kwa jambo moja: umetaja mashine. Watu kumi wakiuliza kadi, tisa hawataji inakokwenda kukaa, na hapo ndipo jibu lilipo. Mimi natengeneza kompyuta maeneo ya Majengo, na Z440 nimezifungua nyingi tangu ofisi zianze kuzitoa. Ni mashine nzuri, chuma kweli. Lakini ni mashine ya 2014, na kadi tatu kati ya nne ulizotaja zimetengenezwa kwa kudhani mtu ana mashine ya juzi.

Anza na sloti. Z440 ni PCIe 3.0, kizazi cha zamani cha sloti ya kadi. RTX 4060, RX 7600 na B580 ukizitazama zina meno marefu ya x16, ila njia za data zinazofanya kazi ni 8 tu. Kwenye mazabodi mpya ya PCIe 4.0 hizo njia 8 zinapitisha karibu GB 16 kwa sekunde, hakuna anayelalamika. Kwako zitapitisha karibu GB 8. RTX 3060 ina njia zote 16, kwa hiyo hata kwenye sloti yako ya zamani inapata zile GB 16.

Sasa utaniuliza, hiyo inanihusu nini? Picha ikienea yote ndani ya VRAM (memori ya kadi), haikuhusu sana. Memori ya kwenye kadi yenyewe inakwenda GB 360 kwa sekunde kwa 3060, GB 272 kwa 4060, GB 288 kwa 7600. Balaa linaanza VRAM ikijaa. Hapo kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia ile sloti, na kutoka mia tatu na kitu unashuka mpaka nane. Ni kama kupika huku unga umeuweka stoo kwa jirani.

Na wewe utaijaza. Tekscha moja ya rangi ya 4K, yaani pikseli 4096 kwa 4096, ikifunguliwa ndani ya Cycles inakula takriban MB 64. Hiyo ni moja. Ukuta una yake, tofali za paving zina zake, bati, mlango wa mninga, kochi, zulia, na kila kimoja kina rangi, mng'ao na matuta. Majani ya uwanja bado. Miti bado. Hapo hujahesabu kwamba Windows na monita nazo zinachukua sehemu yao ya ile VRAM. GB 8 inatosha nyumba iliyosimama peke yake jangwani. Wateja wako wanataka bustani.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu kwanza: ndiyo, kwako wewe GB 12 za 2021 zina maana kuliko GB 8 za 2023.

Arc B580 nayo ina GB 12, na memori yake ndiyo ya haraka kuliko zote, GB 456 kwa sekunde. Kwa dola 249 ilipotoka Desemba 2024 Intel walituchokoza kweli, na mtu mwenye mashine mpya ningemwambia aitazame kwa macho mawili. Ila Intel wenyewe wanasema Arc inahitaji kitu kinaitwa Resizable BAR kwenye BIOS, kinachoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mkupuo, na orodha yao inaanzia prosesa za Intel Core kizazi cha 10 na AMD Ryzen 3000. Z440 haimo. Bila hiyo kadi inadorora. Halafu Januari 2025 wapimaji walionyesha kwamba draiva ya B580 inaielemea prosesa, kiasi kwamba ukiifunga kwenye prosesa za miaka ya nyuma kama Ryzen 5 2600, kasi inaanguka. Xeon yako ni ya 2016. Milioni moja kwa kadi iliyofungwa breki, hapana.

Imebaki RX 7600 na 4060. Draiva sasa.

Kampuni zote tatu zimewahi kuchafua, na mambo yako wazi. AMD Oktoba 2023 walitoa draiva yenye Anti-Lag+, kitu cha kupunguza ucheleweshaji kwenye gemu, watu wakaanza kufungiwa akaunti zao za Counter-Strike 2, ikabidi wakiondoe. NVIDIA mwanzoni mwa 2025, zilipotoka RTX 50, wenye kadi walilalamikia skrini nyeusi na ikabidi zitolewe draiva za dharura. Intel mwaka 2022 Arc za kwanza zilikuwa dhaifu mno kwenye gemu za DirectX 9, wakazirekebisha kwa draiva za baadaye. Anayekwambia kampuni yake haina doa, mtazame vizuri, huenda anauza. Kwa mtu wa kawaida, mwaka huu, draiva za AMD hazina shida ya kukukosesha usingizi, hapo nakubaliana na kijana.

Ila kwa mtu wa Blender kuzima kwa skrini ni swali dogo. Swali kubwa ni programu yako inaijua kadi kiasi gani. Cycles inazungumza na NVIDIA kupitia njia inayoitwa OptiX, inayotumia zile nyenzo za kufuatilia miale zilizomo kwenye RTX. AMD inapitia njia yake ya HIP, iliyoingia na Blender 3.0 mwishoni mwa 2021 baada ya njia ya zamani, OpenCL, kutupwa. Inafanya kazi, siitukani. Lakini fungua matokeo ya vipimo vya Blender wenyewe uone: 4060 inaiacha 7600 karibu mara mbili au zaidi, wakati kwenye gemu zinasukumana. Hata 3060 ya mtumba inaipita 7600 mpya. Laki na themanini uliyookoa unailipa kwa kusubiri.

Kati ya 4060 na 3060, ya kwanza ni nyepesi zaidi, picha ikienea ndani ya GB 8 itakutolea haraka kwa kama theluthi moja. Isipoenea, hadithi inageuka.

Umeme. 4060 inakula wati 115, 7600 wati 165, 3060 wati 170, B580 wati 190. Watu wanaogopa LUKU hapa, nikupigie hesabu. Tofauti ya 3060 na 4060 ni wati 55. Ukirenda saa 6 kila siku ya Mungu, mwezi mzima ni kama uniti 10. Kwa bei ile ya elfu moja kupata uniti 2.8, ni 3,500 na kitu. Bei ya chipsi na soda. Mimi ninachoogopa ni UPS. Hizi za VA 650 zinazouzwa kila duka kwa kawaida hubeba wati 360 hivi. Prosesa yako wati 140, kadi 170, diski, feni na monita, umeshavuka. Umeme ukikatika katikati ya kurenda, UPS itapiga kelele mara moja na kuzima pamoja na kila kitu. Ama ununue ya VA 1200, ama ushushe kikomo cha umeme cha kadi kwa programu ya MSI Afterburner mpaka asilimia 75. 3060 inarudi wati 127 na kasi inayopotea ni kidogo kuliko unavyodhani. Joto nalo linapungua, na kwa Oktoba ya Dodoma hilo si dogo.

Pawasaplai ya Z440 inatosha sana, ila usije ukafikiria kuibadilisha, plagi zake si zile za kawaida. Ina nyaya mbili za pini 6. 3060 nyingi zinataka pini 8 moja. Nunua adapta ya pini 6 mbili kwenda pini 8 moja, iliyotengenezwa kwa waya mnene, si ile inayofanana na waya wa earphone. Pini 6 mbili ni wati 75 mara mbili, sloti wati 75, jumla 225. Kadi inataka 170. Nafasi ipo.

Jambo la Windows 10 nalo uliweke akilini. Microsoft walifunga msaada wake Oktoba 2025, na Xeon yako haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. NVIDIA wamesema wataendelea kutoa draiva za Windows 10 kwa kadi za RTX mpaka Oktoba 2026. Hiyo Quadro yako ya sasa ni ukoo wa Maxwell, na draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwake. Imeshafika stendi.

Ushauri wangu: 3060 ya GB 12 kwa laki sita na nusu mpaka saba. Zinazobaki, laki nne, nunua UPS ya maana, nyingine weka, utaihitaji.

Ila kwenye mtumba fungua macho. Kuna RTX 3060 mbili. Ile ya Februari 2021 ina GB 12, na upana wa njia ya memori ni biti 192. Mwishoni mwa 2022 ikatoka nyingine kimya kimya yenye jina lile lile, GB 8, biti 128, na memori ya GB 240 kwa sekunde. Boksi zinafanana. Nenda na SSD yako dukani ikiwa na GPU-Z, programu ya kusoma kadi, ichomeke, soma palipoandikwa Bus Width. GPU-Z hiyo hiyo ndiyo inayokamata zile kadi kongwe zilizopakwa BIOS ya uongo, itaandika FAKE mbele ya jina. Niliwahi kuletewa na mama mmoja kadi ya mwanawe, duka moja limemwuzia kama 1050 Ti, ndani ni takataka ya 2010. Alilia.

Kuhusu kadi zilizochimba sarafu: Ethereum iliacha uchimbaji Septemba 2022, ndipo hizi kadi zikamwagika sokoni. Kuchimba peke yake hakuui kadi. Kinachoua ni feni kuchoka na pesti ya kupozea kukauka. Iwashe, iendeshe kipimo cha Blender, halafu FurMark, programu ya kuichosha kadi, robo saa huku umesikiliza feni na kutazama joto. Ukiona vidoti vya rangi rangi kwenye skrini, rudisha, usisikilize maelezo. Na ukishaifunga, tafadhali kompyuta isikae sakafuni karibu na mlango. Vumbi la huku la Agosti mnalijua. Kadi nyingi ninazopokea dawa yake ni brashi na blowa, na mwenyewe alishajiandaa kununua nyingine.

Mama wa Send-off

Fundi Mbukwenyi shikamoo. Umesema yote ila naomba niitetee Arc kidogo, wasije watu wenye mashine mpya wakaikimbia.

Mimi niko Singida, nashuti send-off na harusi na nakata mwenyewe. Natumia B580 kwenye i5-12400, Resizable BAR imewashwa kwenye BIOS. Kamera yangu inatoa video ya HEVC (H.265) ya biti 10, 4:2:2, yenye taarifa nyingi za rangi, ile ambayo kadi nyingi zinaikimbilia kwenye prosesa. Intel wanaifungua kwa chipu yenyewe. NVIDIA wameanza kuifungua kwenye RTX 50 tu, 4060 haimo, 3060 haimo, na RX 7600 pia haimo. Mtu anayekata video za kamera hizi hata asidanganywe na namba za gemu. Shangazi akitaka kipande cha kufungua shampeni kirudiwe, nakivuta mbele na nyuma bila kukwama.

Upungufu wake upo pia. Ikiwa imekaa tu bila kazi inakula umeme kuliko wenzake, mpaka uingie BIOS uwashe ASPM, kipunguza umeme cha sloti, na si kila mazabodi inakubali. Na draiva zao kila mara kuna mpya, faili linakaribia GB 1, kwa sisi wa bando inauma. Siku hizi nashusha usiku kwa bando la usiku na siapdeti katikati ya msimu wa harusi. Kazi ikiwa mezani draiva haiguswi, hiyo ni sheria yangu.

Kaka mchora ramani, kwa Z440 yako msikilize fundi.

Fundi Mbukwenyi

Marahaba mwanangu. Hiyo ya 4:2:2 ni kweli tupu, na hiyo sheria yako ya msimu wa harusi wangeisikia wengi.

Kijana wa CIVE

Sawa fundi, nimekuelewa kwenye Blender. Lakini mbona mnamfungia kwenye kadi za zamani? Kuna RX 9060 XT ya GB 16, imetoka Juni 2025, dola 349, na hii ina njia 16 kamili, siyo 8. GB 16 mkuu! Kwenye sloti yake itatembea vizuri, na stori ya VRAM inaisha kabisa. Hapo 3060 inabaki na nini?

Fundi Mbukwenyi

Hoja nzuri, na umeisoma vizuri hiyo sloti. Kwa mtu wa Twinmotion peke yake ningesimama na wewe. Ila inabaki HIP kwenye Cycles, na inabaki bei. Dola 349 ni ya kule. Ongeza usafiri, VAT asilimia 18 na faida ya mwenye duka, hapa huipati chini ya milioni moja na laki tatu, bajeti imekufa. Na RTX 5060 Ti ya GB 16 ndiyo ningemwekea kama angekuwa na hela, ila hiyo huko kwao ilianza na dola 429, na njia ni 8 tena.

Juma Polaris

Samahani kuingilia uzi. Nina RX 580 GB 8 toka 2019, Twinmotion inafungua, gemu nacheza. Blender kwenye mipangilio haioni kadi kabisa, naona CPU tu. Draiva nimeshaifuta kwa DDU, programu ya kusafisha draiva, nikaiweka upya. Tatizo nini wakuu?

Fundi Mbukwenyi

Draiva yako haina tatizo, wala kadi. RX 580 ilikuwa inatumia OpenCL ndani ya Cycles, na Blender waliitoa kuanzia 3.0. HIP haikuchukua kadi za ukoo wako. Ukitaka GPU ifanye kazi rudi Blender 2.93, au tumia Eevee, injini nyingine ya Blender, hiyo inakubali. Acha kuifuta draiva ya watu.

Bosi Kadi

Mchora ramani ninayo RTX 3060 hapa Dodoma, safi kabisa, haijawahi kuchimba, imetumiwa na mtoto wa shule tu. 720,000 maelewano yapo. Njoo inboksi.

Fundi Mbukwenyi

Bosi, weka skrinishoti ya GPU-Z hapa hapa hadharani. Inboksi kuna giza.

Bosi Kadi

Hiyo hapo nimeweka. Mzigo uko wazi, mimi si mtu wa kona kona.

Kijana wa CIVE

Memory Size 8192, Bus Width 128. Bosi hiyo ni ile nyingine 😂

Bosi Kadi

3060 ni 3060 jamani, jina si limeandikwa hapo juu? Basi laki tano na nusu kwa anayehitaji ya gemu.

Kijana wa CIVE

Kwa hiyo bei njoo wewe inboksi.

Mchora Ramani wa Ipagala

Fundi Mbukwenyi, dada wa Singida, kijana wa CIVE, nawashukuru sana. Nimesoma na kurudia. Kabla sijatoa hela nina maswali mawili. Je, hiyo 3060 na K2200 naweza kuziacha zote mbili ndani, Quadro iendeshe monita na 3060 ibaki ya kurenda tu, ili nisile VRAM? Na kwenye draiva za NVIDIA nichukue za Studio (za watu wa kazi) au Game Ready (za gemu)?

Fundi Mbukwenyi

Wazo si baya, lakini itoe. Draiva moja lazima izibebe zote mbili, na kwa kuwa mfululizo wa 580 ndio wa mwisho kwa Maxwell, utabaki umefungwa kwenye draiva ya zamani kwa sababu ya kadi ya GB 4. Windows kwa monita moja haili sana.

Studio. Ni draiva ile ile ila hutolewa kwa nafasi na hupimwa zaidi na programu za kazi. Kabla ya kuweka, futa ya Quadro kwa DDU ukiwa Safe Mode na intaneti umeizima, Windows isije ikakuwekea yake nyuma ya mgongo. Halafu fanya kama dada wa Singida, ikishatulia iache.

Mchora Ramani wa Ipagala

Wakuu, mrejesho.

Nimepata 3060 ya GB 12 hapa hapa mjini, duka la nyuma kidogo ya soko la Majengo, 690,000 baada ya kubishana. Nilikwenda na SSD yangu kama fundi alivyosema, muuzaji akanitazama kama ofisa wa TRA. GPU-Z ikasoma biti 192, GB 12, hakuna FAKE. FurMark robo saa, joto likasimama 74. Feni moja ina mlio kidogo ikianza, akanipunguzia elfu kumi kwa hilo. Kaniandikia waranti ya mwezi mmoja kwa kalamu kwenye risiti.

Adapta ya pini ilikuwa kazi kuliko kadi. Maduka mawili walinipa ya SATA kwenda pini 8, nikakataa. Nimetumiwa ya pini 6 mbili kutoka Dar kwa basi.

Matokeo: ile nyumba ya Nala ya vyumba vinne, yenye bustani, niliyokuwa nailaza nayo, imetoka kwa dakika ishirini na kitu kwa OptiX, ukubwa ule ule. Nikatazama VRAM wakati inarenda, GB 9 na pointi. Kwa hiyo hiyo 4060 niliyokuwa naitolea macho ingekuwa imeshaanza kuazima. Nimeweka kikomo asilimia 75, tofauti ya muda ni dakika moja au mbili, na chumba hakigeuki tanuri. Miti ya nyuma ya nyumba sasa napanda. UPS nimeagiza ya VA 1200, bado haijafika.

Video ya kutembea ndani ndiyo bado ndefu. Fremu 900 hata nikishusha ubora wa Cycles ni usiku mzima. Hiyo nimeihamishia Twinmotion, mteja hajaona tofauti.

Fundi Mbukwenyi

Umefanya kazi ya kiume. Hiyo feni inayolia iletee tone la mafuta ya cherehani kabla ya vumbi la Julai, au pita dukani nikuangalizie. Na ulivyoikataa adapta ya SATA uliokoa mashine, plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba wati mia na hamsini.

Mama wa Send-off

Hongera kaka. Sasa turudi kwenye biashara: ramani ya vyumba vitatu, kimoja masta, pamoja na hizo picha za 3D, unachukua bei gani? Nina kiwanja Manyoni na mume wangu anasema hatoi hela ya tofali mpaka aone bati ni la rangi gani.

Mchora Ramani wa Ipagala

Dada nakuja PM sasa hivi. Niandalie vipimo vya kiwanja na barabara iko upande gani.